Zamu ya Toimus

Jiko la chuma lilikuwa la moto, na hakuna aliyelitia makaa.

Keramot aliligusa, akaurudisha mkono upesi. Banda lao, mabaharia Wahindi kutoka Silheti, lilinyimwa makaa wiki nzima. Ng'ambo ya waya, banda la maofisa Waingereza wa meli ileile lilifuka moshi kutwa. Wote mateka wa Mjerumani, kumbe kuna mateka wa daraja la kwanza!

"Labda Mjerumani ametuonea huruma," mmoja alisema.

"Huyu? Basi alete na wali kwa samaki!"

Wakacheka, isipokuwa Serahangi Moshorof, mkuu wao tangu melini. "Moto msiomjua mwenyewe, msiuote."

Lakini Somir, mdogo wake Keramot, alikuwa hoi kwa homa. Keramot akamsogeza karibu na jiko.

Giza la baridi lilipoingia mapema, ikaja harufu ya makaa na maji ya chumvi. Maji yalitambaa sakafuni. Keramot akayaonja: ya bahari, na bahari ilikuwa mbali. Kisha ndani ya jiko beleshi likaanza kukwaruza, krr, krr, polepole, kama la mtu aliyechoka mpaka mifupani lakini hathubutu kuliweka chini kwa sababu hajaja wa kumpokea, na kutoka humo humo kwenye moto sauti wanayoijua ikaita:

"Zamu!"

Ilikuwa ya Toimus, mwenzao wa kulisha tanuri la meli. Meli ilipopigwa, injinia Pritchard aliamuru mlango wa chumba cha tanuri ufungwe, Toimus akiwa chini. Aliwagongea mpaka maji yakamnyamazisha.

"Msiitike," Serahangi alinong'ona. "Akiitika mtu, zamu ni yake."

"Zamu!"

Wakajiziba midomo. Ila Somir, katika usingizi wa homa, alijibu kama alivyojibu miaka yote aliyolisha tanuri: "Nimepokea, ndugu."

Moto ukazimika papo hapo. Viganja vya Somir vikawa vyeusi, vikifuka moshi, na mikono yake ikaanza kupiga beleshi lisiloonekana.

Serahangi akamsomea Ayatul Kursiyyu. Mikono haikusimama.

"Serahangi, atakufa!"

"Hatoki mpaka apokewe, mwanangu."

"Basi nimpokee mimi."

"Halafu wewe nani akupokee?"

Keramot akatazama banda la maofisa ng'ambo ya waya. Kisha akambeba Somir mgongoni, akavizia mlinzi apite, akapenya chini ya waya hadi dirisha la maofisa. Ndani, Pritchard alisinzia kando ya moto, blanketi mbili magotini.

"Ita, mdogo wangu," Keramot alimsihi. "Ita kama melini."

"Zamu," Somir alikoroma.

Maofisa nao hushika zamu. Bila kufumbua macho, Pritchard akaguna kwa lugha yake: nimepokea.

Mikono ya Somir ikaanguka. Akakohoa, akaomba maji.

Asubuhi mateka wote walipangwa uwanjani kuhesabiwa. Pritchard alisimama bila koti kwenye theluji, jasho likimtiririka, mikono ikienda mbele na nyuma, macho yakitafuta uso baada ya uso. Maofisa wenzake walimshika mabega; viganja vyake vikawaunguza, wakamwachia.

"Zamu!" aliita.

Mistari yote, maofisa kwa mabaharia, ikasimama kimya, watu wameuma ndimi. Keramot alimziba mdogo wake mdomo kwa mikono miwili, akakaza kwa nguvu zake zote, na chini ya viganja vyake akahisi midomo ya Somir ikianza kusogea.