Mipigo Mitatu Ukutani

Ilianza na kamba ya nguo. Alasiri moja ya Agosti Casilda alikuwa ameketi jikoni kwake, dirisha limefungwa nusu kuzuia jua, aliposikia kapi la kamba likilia. Alipochungulia nje aliona mashuka yake yakienda yenyewe, taratibu, kuelekea dirisha la upande wa pili. Hapakuwa na upepo. Na nyumba ya upande wa pili haikuwa na mtu tangu Agosti ya mwaka uliopita.

Jengo lao katika mji wa Hospitalet lilikuwa na orofa tisa na nyumba thelathini na sita, na watu walisongamana humo hata mmoja akipiga chafya orofa ya tatu, wa orofa ya nne humtakia afya. Casilda alikaa hiyo ya nne, mlango wa pili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Obdulia. Sebule zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na madirisha ya jikoni yalitazamana kwenye uwazi wa ndani, ambako kamba moja ilizunguka makapi mawili. Miaka thelathini na minane walianika kwa zamu. Casilda akiishiwa kitunguu saumu, Obdulia alikibana kwa kibanio cha nguo akaivuta kamba mpaka kikamfikia mwenzake. Kila mmoja alitunza ufunguo wa mwenzake, maana watoto wao walikuwa mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Walipendana, ila hawakuwahi kuambiana.

Kilichowagombanisha ni televisheni. Masikio ya Casilda yalikuwa yameanza kuzeeka, na kila siku saa kumi tamthilia yake ilinguruma. Obdulia aligonga ukuta mara tatu. Casilda alijibu kwa mpini wa ufagio, kisha akapunguza sauti kidogo, shingo upande. Siku ikipita bila ugomvi huo, wote wawili waliona imepungua kitu.

Agosti ya mwaka uliopita jengo lilihama, kama kila Agosti, kila mtu akaenda kijijini kwao. Walibaki wao wawili. Obdulia akagonga mara tatu. Casilda akajibu na ufagio. Akagonga tena, na tena. Siku ya pili alikuwa bado anagonga, polepole sasa, na Casilda kwa ukaidi wake akaongeza sauti. Siku ya tatu kukawa kimya, naye akafurahi kwamba mwenzake amesalimu amri. Siku ya tisa harufu ilipenya jikoni, ndipo akauchukua ufunguo. Alimkuta Obdulia sakafuni sebuleni, nyonga imevunjika, kiganja kimeegemea ukuta. Ufunguo ule ulikuwa umening'inia karibu na jiko lake muda wote, hatua sita kutoka kwenye kiti cha televisheni.

Sasa mwaka ulikuwa umetimia. Baada ya mashuka ikaja harufu ya jiki mlangoni, ile jiki aliyopigia deki Obdulia. Kisha mipigo ikaanza. Mara tatu, saa kumi kamili, televisheni ikiwa imezimwa. Na Casilda alipohamia chumbani ikamfuata chumbani, alipoingia bafuni ikaja nyuma ya kioo, ikigonga polepole kama mtu anayechoka, ikinyamaza, ikianza tena, mpaka akaziba masikio kwa mito na akaisikia ndani ya mifupa ya mikono yake.

Alipanda orofa ya sita kwa Fermina, jirani pekee ambaye hakuwa ameondoka bado, mjane aliyeondoa kijicho kwa mafuta ya zeituni. Majirani walimcheka mchana na kumbishia hodi jioni. Fermina alidondosha mafuta kwenye sahani ya maji, na tone likatawanyika likapotea.

"Huyu hana ubaya," alinong'ona. "Anaita. Na anayeita haondoki mpaka aitikiwe. Shoga, ulimsikia?"

Mwaka mzima Casilda alikuwa amewaambia polisi, padri na binti wa marehemu kwamba hakusikia kitu.

"Nilimsikia," alisema. "Siku mbili. Nilidhani ni televisheni tu inamkera."

Fermina alifumba macho. "Kesho saa kumi uingie, umwambie umekuja. Basi langu la kijijini linaondoka asubuhi. Nitakuombea njiani."

"Si usubiri, twende wote."

"Mimi hakuniita, Casilda."

Kesho yake Casilda alizima televisheni, akaiacha simu mezani, akauvuta mlango wake, ambao hujifunga wenyewe, ufunguo wake ukabaki ndani, akaingia kwa Obdulia na ufunguo ule mmoja. Vumbi lilikuwa limelala kila mahali. Kwenye msumari kando ya mlango ulining'inia ufunguo wa nyumba ya Casilda, wenye utepe mwekundu alioufunga Obdulia ili usichanganyike na mingine.

Alifika ukutani akauwekea kiganja.

"Obdulia, shoga yangu, nimekuja. Nimechelewa, nisamehe."

Alilia kilio ambacho hakukilia mazikoni. Harufu ya jiki ikafifia. Nyumba ikawa nyumba tu, na Casilda kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akaona kifua kimempanuka.

Ndipo televisheni ikawaka upande wa pili wa ukuta. Muziki wa tamthilia yake, sauti juu kabisa. Aligeuka kwa haraka kukimbilia mlango, mguu ukanasa kwenye zulia, akaanguka, akasikia mfupa wa nyonga ukilia. Aliita. Sauti yake ikazunguka kwenye orofa tisa zisizo na mtu. Ufunguo mmoja ulikuwa mkononi mwake, mwingine msumarini. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa na ufunguo wa milango hiyo miwili.

Alijivuta hadi ukutani akagonga mara tatu.

Sauti ya televisheni ikapungua kidogo. Casilda akashusha pumzi, akagonga tena.

Kisha mpini wa ufagio ukajibu, na sauti ikaongezwa.