Birika Kiganjani

Shule zikifungwa, Nabiha huwa na kazi moja kila asubuhi: kuchekecha hina. Huketi mkekani sebuleni kwao, mtaani Jamhuri, akatandaza kitambaa chepesi juu ya bakuli na kupitisha unga ule wa kijani mpaka vijiti vyote vibaki juu. Shangazi yake, Bi Mishi, huwapaka hina maharusi. Ukimletea hina yenye vijiti atakuuliza kama umemletea kuni.

Asubuhi ya Ijumaa, Nabiha alichekecha bila kutazama, na unga ukamwagika mkekani. Mawazo yake yalikuwa mjini, kwenye madrasa yao, ambako kesho yake kungesomwa Maulidi. Ustadh Athman alikuwa amemchagua aanzishe kasida mbele ya wazazi wote. Jambo jema, utasema. Lakini mwaka uliopita alichaguliwa vilevile, akasimama, akafungua mdomo, na maneno yakamkimbia. Alibaki ameduwaa mpaka mwenzake Nisreen alipoinuka kumwokoa. Safari hii Ustadh alikuwa amesema, kwa upole, kwamba asipojiona tayari ifikapo Ijumaa jioni, nafasi atapewa Nisreen.

Na Nabiha aliitaka nafasi ile, aliitaka sana. Alijua ana sauti nzuri. Isitoshe, baba yake, aliyeuza vitambaa mjini, alikuwa ameshasema atafunga duka mapema aje kumsikiliza.

Everlyn, binti wa jirani, alichungulia mlangoni. "Niaje Nabiha. Mbona umenuna hivyo?"

"Nikifikiria kesho tu, moyo unaenda mbio."

"Si ujiambie tu hauogopi? Iishe hapo."

"Nimejiambia mpaka nimechoka. Haiishi."

Everlyn akamsaidia kuzoa unga mkekani, kisha akaenda zake.

Alasiri, Bi Mishi alimketisha mpwa wake karibu na dirisha ili amchore kwa ajili ya sherehe. Alianza na kiganja cha kulia, majani na maua, mkono wake ukienda bila pupa. "Sasa usikunje mkono," alimwonya. "Hina mbichi haisamehe."

Simu ikalia. Ilikuwa ya baba, na sauti yake ilijaa furaha. "Nimewaalika na majirani zangu wa dukani. Hata Mzee Zachariah, yule fundi saa, atakuja. Nimewaambia wote ni binti yangu anayeanzisha."

Nabiha alikunja ngumi bila kujua.

Alipoufungua mkono, maua yote yalikuwa yamevurugika na kuwa doa moja kubwa. Machozi yakamtoka. "Nimeharibu, shangazi. Mimi huharibu kila kitu. Mpigie Ustadh, umwambie Nisreen asome."

Bi Mishi hakuishika simu, wala hakumgombeza. Aliushika mkono ule akauinua kwenye mwanga. "Nitampigia ukitaka. Lakini ngoja kwanza. Doa hili lafanana na nini?"

"Na doa."

"Tazama vizuri, mwanangu. Mie naona mdomo wa kitu hapa pembeni."

Nabiha alijifuta macho akatazama, shingo upande. "Ni kama birika," alisema mwishowe. "Lakini halina mkono."

"Basi litie mkono." Bi Mishi akampa koni ya hina.

Nabiha alichora kwa mkono wa kushoto, na mkono wa birika ukatoka mnene kama mandazi. Akacheka kidogo. Akaongeza kifuniko. Kisha akachora mvuke, mistari myembamba ikipanda mpaka kwenye vidole.

"Moyo vipi sasa?" shangazi akauliza.

Nabiha alishangaa, kwa maana alikuwa ameusahau. "Umetulia."

"Na hiyo hofu, huanzia wapi?"

"Hapa chini ya mbavu. Halafu inapanda kooni."

"Hupanda kwa ghafla ama polepole?"

Swali hilo hakuwahi kujiuliza. Siku zote alikuwa akiikimbia hofu, hakuwahi kuiangalia. "Polepole," alisema. "Kama maziwa jikoni."

"Na maziwa yakipanda, wewe hufanyaje?"

"Nayapuliza. Napunguza moto."

"Haya. Nimpigie Ustadh?"

Nabiha aliongeza mstari mmoja wa mvuke juu ya birika lake. "Usimpigie."

Jumamosi, madrasa ilijaa hadi barazani. Jina lake lilipotajwa, moyo ulianza mbio zake. Nabiha hakujiambia kwamba haogopi. Alijiuliza, hofu imefika wapi? Chini ya mbavu. Akapuliza pumzi polepole. Ilipofika kooni alifungua kiganja, akaliona birika lake na ule mkono wake mnene, akapuliza tena. Alipoinua macho alimwona Mzee Zachariah, amevaa kofia ya kuazima iliyomfunika masikio. Tabasamu likamjia. Akaanza.

Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka, na kila mtu alisikia. Katika wa pili umati ukapokea kiitikio, na sauti ikakaa sawa. Aliruka ubeti mmoja mzima, Ustadh akainua nyusi, lakini kasida ilifika mwisho na aliyeifikisha ni yeye.

Nje, Bi Mishi alimwuliza, "Hofu haikuja?"

"Ilikuja. Ilikaa mpaka ubeti wa pili."

"Itakuja tena, na hata mie hunijia kila nikiketi mbele ya biharusi. Hofu hutufumba macho na kutukunja mikono, Nabiha. Ukiiuliza maswali, macho yanafumbuka. Ukiupa mkono kazi ya kubuni, unakunjuka. Usingoje iondoke ndipo uanze jambo lako."

Baba yake alifika akiwa na macho mekundu, akasema ni vumbi la mjini. Akaushika mkono wa binti yake, akaugeuza na kukunja uso. "Mishi, siku hizi unachora mabirika?"

"Muulize mwenyewe," alisema Bi Mishi.

"Lilikuwa doa, baba," alisema Nabiha. "Nilikunja mkono kwa woga, kisha nikaangalia kilichobaki."