Niliwasainisha Majirani Zangu Kuhama, Mwenyewe Sikusaini

Nina miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tanga, mama wa binti mmoja, na huu ni mwaka wa kumi na sita niko Toronto. Mume wangu tuliachana zamani, hilo si la leo. La leo ni zito zaidi, na nisipolisema litaniua.

Ndugu wasomaji, nisomeni mpaka mwisho. Mkimaliza nihukumuni mnavyotaka... mie mwenyewe nimeshajihukumu.

Nakaa Weston, kwenye jengo la zamani la ghorofa, karibu na mto. Lifti yake inafanya kazi ikijisikia. Mende wapo, sisemi uongo. Lakini kodi yetu ilikuwa ile ya zamani, na stesheni ya treni ni dakika tano kwa miguu. Katika jiji hili ukipata vitu hivyo viwili pamoja, huondoki mpaka utolewe!

Aliyenipokea pale ni Bi Mwanaidi, mjane wa Kigoma, mlango unaotazamana na wangu. Nilifika na begi moja na mtoto wa miaka sita. Alinipa godoro, akanionyesha basi la kwenda kazini, akamlea Salma wangu miaka yote niliyokuwa nafanya zamu. Nilimwita mama, na alikuwa mama kweli. Figo zake zilipofeli, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Basi moja tu, dakika kumi na tano, amefika.

Kisha ikaja habari kwamba mwenye jengo anataka kulivunja. Kwa sababu ya treni, eti ardhi yetu sasa ni dhahabu, watajenga minara miwili ya ghorofa arobaini. Diwani akaitisha mikutano. Watu wakapiga kelele, wengine wakalia. Tukaambiwa kwamba kwa sheria ya jiji, mpangaji anayevunjiwa ana haki ya kurudi kwenye jengo jipya kwa kodi isiyopishana sana na ya zamani. Tukapumua kidogo.

Hapo ndipo alipoingia bwana mmoja, nitamwita Kassim. Mswahili mwenzetu, wa Mombasa, nguo zimenyooka, maneno laini. Kampuni ya mwenye jengo ilimwajiri azungumze na wapangaji. Akaniita dadangu tangu siku ya kwanza, akala pilau yangu mara mbili, mara ya tatu akaja na mafaili.

Akaniambia diwani anataka kusikia sauti ya wapangaji Waafrika. Akaniambia mie ndiye mtu anayefaa kuketi kwenye kamati ya diwani, pale mbele, na kibao cha jina langu mezani. Jamani... mie nimefagia maofisi ya watu miaka kumi na tano, hakuna aliyewahi kuniuliza jina! Nilivimba kichwa, nakiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nipite kwa Waswahili wa jengo letu, kaya kumi na moja, nikusanye saini za kuunga mkono stesheni kupanuliwa na majengo mapya. Sasa mjue, mie ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Msiba ukitokea, mie napita na karatasi. Harusi, mie. Watu wamezoea: mama Salma akibisha hodi na karatasi, unaweka saini, halafu unamkaribisha chai. Nani kwetu atakaa kusoma karatasi mbele ya aliyeileta? Ni kumwambia usoni kwamba humwamini.

Karatasi zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ilihusu stesheni. Ya chini nilisoma kichwa chake tu, kilisema makubaliano ya kuhama kwa hiari. Nikamuuliza Kassim. Akacheka, "Dadangu, hiyo ni taratibu ya ofisi tu. Bila hiyo diwani haipokei hii nyingine." Na mie nikatulia! Mtu mzima, na akili zangu!

Kwa Bi Mwanaidi nilikwenda na Salma, wakati huo ana miaka ishirini na moja, yuko chuo. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Aliichukua ile karatasi ya chini, akaisoma, uso ukambadilika. Akasema hapa bibi anakubali kuondoka na hana haki ya kurudi, asisaini.

Unajua nilifanya nini? Nilimnyang'anya. Nikamwambia mbele ya bibi yake kwamba watoto wa huku hawana adabu, kwamba anajiona msomi. Salma akatoka analia. Bi Mwanaidi akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, umeisoma?"

Nikasema, "Nimeisoma, mama."

Akasaini.

Na mie? Mie sikusaini. Kassim alisema mjumbe wa kamati hasaini, anashuhudia tu. Nilikubali haraka mno... nikijiuliza leo kwa nini, jibu lake linanitia aibu.

Miezi minne baadaye zikaja barua. Kaya kumi na moja ziondoke, walikubali wenyewe kwa hiari. Yallah! Kilio kilichoanza siku ile kwenye ile korido, nakisikia mpaka sasa. Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya tatu, alinishika kanga akaniuliza nimewauza kwa bei gani. Nilimwapia kwamba nami nimedanganywa. Alitema mate chini.

Vijana wa mtaa wakatafuta mwanasheria wa msaada. Akasema mlango bado uko wazi: mama Salma akishuhudia kwamba aliwaambia watu kitu kingine, saini zitafutwa. Shauri zima lilikuwa mdomoni mwangu!

Siku moja kabla ya kesi Kassim akanipigia. Sauti ya pilau hakuna. Akaniambia nikikiri, mie ndiye niliyewadanganya, nitashtakiwa mie, na nafasi yangu ya kurudi kwenye jengo jipya niisahau. Nilimwaza Salma, ada, zamu zangu... Niseme ukweli, nilijiwaza mwenyewe.

Kesi ilikuwa kwa video. Niliketi jikoni na simu yangu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Mwamuzi akaniuliza kama watu walijua wanachosaini. Nilimwona Bi Mwanaidi kwenye kidirisha chake, amejifunga ushungi, mkalimani pembeni.

Nikasema niliwasomea yote.

Mwanasheria akashtuka. Akamgeukia Bi Mwanaidi, akamwomba aeleze alichoambiwa siku ile mlangoni kwake. Nikafumba macho. Alijua. Hata Salma alikuwepo siku ile. Neno moja tu la yule bibi lingenivua nguo mbele ya wote.

Akauvuta ushungi wake mbele. Halafu akasema, "Kama mwanangu amesema alitusomea, basi alitusomea. Msimsumbue tena."

Alinisitiri! Alikuwa anapoteza nyumba yake, na akanisitiri.

Saini zikabaki halali, wakahama wote kabla ya theluji. Bi Mwanaidi alichukuliwa na mpwa wake, akakaa chumba cha chini ya ardhi kwenye mji ulio mbali kabisa na jiji. Hospitali ikawa mabasi mawili na treni, na basi la kwanza linapita mara moja kwa saa. Nilikuwa napiga simu, anapokea! Ananiuliza kama nimekula, kama Salma anaendelea vizuri. Laiti angenitukana!

Siku moja nilishindwa, nikamwambia kwa kilio, "Mama, nilisema uongo kwenye kesi." Akanijibu, "Najua. Sikutaka wakuaibishe mbele ya wageni. Wewe nenda tu, kaseme mwenyewe ukiwa tayari."

Nikasema nitakwenda kwa mwanasheria Jumatatu. Jumatatu nikawa na zamu. Wiki iliyofuata nikasema naumwa. Nikazungusha hivyo msimu mzima wa baridi... Naye alianza kuruka siku za matibabu, basi likichelewa treni imempita, miguu imevimba, hawezi kusimama barabarani. Mpwa wake alimkuta kitandani asubuhi moja ya mwezi wa tatu, amekwisha kuondoka.

Nilikwenda kwa mwanasheria siku tatu baada ya mazishi. Salma alinisindikiza, kwenye treni akakaa kiti cha nyuma yangu. Nimeeleza yote, nimeweka saini chini ya maelezo yangu. Ameniambia huenda kaya zilizobaki zikasikilizwa upya, na kwamba mie nijiandae kupoteza nafasi yangu. Nipoteze tu!

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, akija mtu mnayemheshimu na karatasi, mwambieni akae, asubiri, msome, au mwiteni mtoto asome. Akinuna, anune. Na wewe uliyefunikiwa kosa lako na mtu mwema, usingoje. Nenda leo, angali hai. Mie maelezo yangu yamepokelewa, yamepigwa muhuri, na aliyeyahitaji kuliko wote yuko kaburini.