Uzi Mwembamba

Rafiki yangu mmoja, kinyozi, alikuwa akijifunza solo ya gitaa ya muziki wa hevi metali. Mwisho wake ulimshinda, akaung'ang'ania mpaka uzi mwembamba wa gitaa ukakatika. Akafunga mlango wa chumba chake, akaenda dukani kununua mwingine.

Aliporudi, alimkuta shangazi yake kwenye ngazi zenye giza, sikio mlangoni.

"Mwanangu leo kaipatia mpaka mwisho," alisema bila kugeuka.

"Shangazi, niko hapa nyuma yako."

Gitaa lilikuwa bado likilia ndani, kwa kasi. Alipofungua, kimya. Lilining'inia ukutani, pengo la uzi pale pale.

Akageuka akimbie. Ndipo uzi mpya, ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa, ukaanza kulia mfukoni mwake, ukirudia taratibu pale panapomshinda.