Neli na Chungu Kisicho na Masizi

Kila siku, kabla jua halijavuka milima ya Ukinga, Neli alikuwa amekwisha kukanda udongo. Pale Ikombe, kijiji cha Wakisi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, wanaume walivua samaki na wanawake walifinyanga vyungu. Hizo zilikuwa enzi za Mdachi, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Neli alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, Angetile, alisifika hadi soko la Mwaya kwa vyungu vyake, ila kwake mwenyewe ugali ulisongwa katika chungu chenye ufa. Wahenga hawakukosea: mfinyanzi hulia gaeni.

Mwezi ule Neli alifinyanga chungu chake cha kwanza bila msaada, tangu kukanda hadi kuchoma. Kilitoka chekundu, mdomo umepinda kidogo upande mmoja, lakini mwenyewe hakuuona mpindo huo. Mama alimwahidi kwamba chungu hicho nacho kitasafirishwa kwa mtumbwi hadi Mwaya, kikabadilishwe kwa mpunga kama vyungu vya watu wazima. Neli akawatangazia wasichana wenzake wote, hata wasiomuuliza.

Kabla siku hiyo haijafika, mdogo wake Ipyana, mtoto wa miaka minne, akaanza kuhara. Siku ya tatu macho yake yalikuwa yamezama na sauti imekauka. Baba yao alikuwa mbali, kwenye kambi ya wavuvi, hivyo mama akamwita Lazaro, mhudumu wa dawa wa misheni, ambaye wanakijiji walimwita mwalimu. Lazaro alikuwa amesomea Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, kwa walimu Waskoti. Alijua Kiingereza, jambo la nadra upande ule wa Mdachi. Alitoa dawa ya unga iliyofungwa katika karatasi yenye maandishi ya Kiingereza.

"Dawa peke yake haitoshi," alisema. "Maji yote anayokunywa mtoto yachemshwe kwanza. Ya ziwani msimpe hivi hivi."

Nafaka ilikuwa imekwisha ndani, na mtumbwi wa kwenda Mwaya ulikuwa ukisubiri, vyungu vingine vyote vikiwa vimekwisha kupakiwa. Mama akakitazama kile chungu chenye ufa, ambacho ufa wake ulikuwa umezidi, kikijazwa maji kingevuja na kuzima moto, kisha akamtazama binti yake. "Tumia chungu chako, Neli. Najua unavyokipenda. Nisamehe, mwanangu. Kesho kutwa nitarudi, na jirani atakuwa anawaangalia."

"Sawa, mama," Neli akajibu, na moyo ukamuuma.

Wanawake wa Mwaya hununua chungu kwa macho. Wakiona masizi kwenye kitako, husema kimeshapikiwa, nao hukirudisha. Neli aliyajua hayo, na bado alitaka chungu chake kiuzwe safari ijayo, basi akafanya ujanja wa mfinyanzi. Aliondoa kuni zenye ndimi za moto, akabakiza makaa machache, akakipandisha chungu juu ya mafiga marefu. Maji yalipotoa mvuke, akachovya kidole na kukitoa upesi.

"Ni ya moto. Yametosha," akajiambia. Akakiepua, akakifuta kitako kwa jani la mgomba. Kilikuwa chekundu vilevile. Alifurahi, maskini, akampoozea mdogo wake maji hayo na kumnywesha kwa upendo wote. Alifanya hivyo siku nzima.

Kesho yake Ipyana hakuweza kuinua kichwa. Lazaro alipofika baada ya kuitwa na jirani, alimshika mkono, kisha akamgeukia Neli.

"Maji ulichemsha?"

"Nilichemsha, mwalimu," Neli akasema, macho yakiwa mekoni.

"Basi dawa ya kwanza imeshindwa." Lazaro akatoa mkobani kichupa cheusi. "Hii ni kali. Mtoto aliyedhoofika hivi anaweza kulala nayo asiamke. Lakini nikimwacha, kuhara kutammaliza. Sina njia nyingine." Akaanza kudondosha matone kwenye kijiko, polepole.

Neli alitazama tone la kwanza, la pili. Ulimi ulikuwa mzito kuliko jiwe la kusagia. Aliona aibu, tena aliona hofu, lakini Ipyana alikuwa amefumbua macho na kumtazama yeye.

"Mwalimu, ngoja. Usimpe. Nimekudanganya. Maji niliyapasha moto tu, yalipotoa mvuke na kuniunguza kidole nikayaepua. Niliogopa chungu changu kisije kikashika masizi." Kisha akalia.

Lazaro akamwaga matone chini, akaketi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Hakumkaripia. Alichukua ile karatasi ya dawa, akaweka kidole kwenye neno moja.

"Hapa wameandika 'boil'. Ndilo neno la Waingereza la kuchemsha. Hawakulizaa wao, walilipokea kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kwa Warumi wa kale. Mwalimu wangu wa Karonga aliniambia kwamba kwa Warumi lilitoka kwenye neno la povu, yale mapovu yanayopanda na kupasuka. Mvuke haumo humo, wala kidole kuungua. Walioliunda neno hilo walikaa wakatazama maji. Mvuke hutoka mapema, binti yangu, wadudu wa ugonjwa wakiwa bado hai. Ngoja mapovu."

Neli akafuta machozi. Akajaza maji, akarundika kuni, akapuliza hadi moto ukalamba chungu pande zote. Kitako kikawa cheusi, kisha tumbo, kisha hata ule mdomo uliopinda. Aliona uchungu, lakini hakuinuka. Alikaa akatazama hadi maji yalipoanza kuruka na kutoa mapovu kutoka chini, naye akayaacha yaendelee kwa muda mrefu kama Lazaro alivyomwagiza.

Walimnywesha Ipyana kidogo kidogo mchana kutwa, pamoja na dawa ile ya kwanza. Kufikia jioni kuhara kulikuwa kumepungua. Asubuhi iliyofuata akaomba usipa, dagaa wa ziwani, wa kuchoma, akanuna alipopewa uji ulioletwa na jirani.

Mtumbwi uliporudi, Neli alikuwa majini hadi magotini. Alimweleza mama yote, pamoja na uongo wake, kabla mama hajashusha kapu la mpunga. Mama alikwenda moja kwa moja kwa Ipyana, akampapasa tumbo na paji la uso. Kisha akamgeukia Lazaro, aliyekuwa amekuja kumwangalia mtoto, na kusema, "Ndaga fijo, mwalimu." Ndivyo Wanyakyusa wa Mwaya wanavyotoa shukrani kubwa, naye hakuona neno jingine linalotosha.

"Mshukuru huyu pia," Lazaro akajibu. "Kazi aliifanya nusu, na kazi ya nusu ilitaka kuua. Lakini ukweli aliusema mzima, ungali na faida."

Mama akakishika kile chungu cheusi, akakigeuzageuza mikononi. Neli akainamisha kichwa.

"Chungu utafinyanga kingine, mwanangu," mama akasema taratibu. "Lakini Ipyana, tungemfinyanga kwa udongo gani?"