Mashine ya Boma la Felix

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, mtaa wa Kambi Odha. Mlango wa bati, dirisha hakuna. Nje grinda ilikuwa inalia tangu asubuhi, na ndiyo sababu Jaldesa alikipenda. Hata ukipiga kelele humo ndani, nani atakusikia?

Alikuwa amechora sakafuni kwa chaki ofisi ya Felix, mfanyabiashara wa ng'ombe.

"Ghorofa ya kwanza. Mlango mmoja. Saa saba maduka yamefungwa, watu wako msikitini. Felix ameenda Meru. Anabaki karani peke yake. Tunamfunga, tunabeba kompyuta, tunatoka."

"Karani asiguswe," Habibo alisema.

"Nani amesema ataguswa?"

Ekuam, dereva, alikuwa ameegemea ukuta, funguo za gari lake la Probox mkononi. Hakuwa mwizi. Alikuja kwa sababu ya Ado.

Ado alikuwa kaka mdogo wa Habibo. Alikuwa analinda mifugo kwenye boma la Felix, nje ya mji, ng'ombe wa kupelekwa Nairobi. Usiku mmoja aliingia zamu na hakutoka. Felix alisema kijana ameacha kazi, pengine amevuka mpaka kule Moyale. Lakini viatu vyake vilibaki langoni. Kule kijijini Korbesa mama yao alikuwa bado hajaweka matanga, kwa sababu mtu haombolezi bila kuona kaburi.

Boma lilikuwa na kamera. Habibo alijua, yeye ndiye aliyezifunga. Kazi yake mjini ilikuwa kutengeneza kompyuta na simu, na Felix mwenyewe ndiye aliyemwita, akamwambia aifunge kwa neno la siri diski ya kompyuta ya ofisini inayohifadhi picha za kamera, mtu mwingine asiweze kuisoma. Aliifunga vizuri. Sasa usiku wa Ado ulikuwa ndani yake.

"Korti imesema Felix aitoe hiyo kompyuta Jumatatu," Jaldesa alisema. "Mnafikiri itafika Jumatatu? Jumapili ataifuta. Tukiipata leo, Habibo anaona kaka yake, mimi namuuzia Felix hiyo video. Kila mtu anapata chake."

Habibo alichuchumaa kando ya mchoro.

"Sikilizeni. Diski peke yake ni bure. Ufunguo umekaa kwenye chipu, na chipu imechomelewa kwenye bodi ya hiyo kompyuta. Ukiitoa diski ukaipeleka mashine nyingine, unaona takataka tu. Lazima tubebe kompyuta nzima. Neno la siri ninalijua. Felix hajawahi kulibadilisha."

"Nimesikia."

"Rudia."

Jaldesa alitabasamu. Alikuwa mtoto wa Korbesa kama wao, amekula kwenye sahani moja na Ado. "Kompyuta nzima, dada yangu. Nimesikia."

Saa saba na robo.

Barabara ilikuwa tupu. Ekuam aliegesha nyuma ya jengo, injini ikinguruma. Jaldesa na Habibo walipanda ngazi, nyuso zimefungwa kwa vitambaa.

Karani alikuwa anakula. Alipoona bastola mkononi mwa Jaldesa, kijiko kilibaki hewani.

"Chini! Uso sakafuni!"

Alilala. Jaldesa alimfunga mikono kwa waya. Habibo alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pembeni. Kompyuta ilikuwa palepale alipoiweka yeye. Aliizima taratibu, akachomoa nyaya moja moja. Kazi aliijua.

"Nishikie huku tubebe."

"Wewe shuka," Jaldesa alisema. "Mwambie Ekuam afungue buti. Hii naibeba mimi."

"Ni nzito."

"Habibo. Shuka!"

Alishuka. Buti lilikuwa limeshafunguliwa. Walisubiri. Kisha wakasikia kishindo huko juu, chuma kwa chuma. Kingine. Kingine.

"Nini hiyo?" Ekuam aliuliza.

Jaldesa alitokea kwenye ngazi, anakimbia. Mikono mitupu. Alijitupa kwenye kiti cha mbele.

"Endesha!"

"Kompyuta iko wapi?" Habibo alipiga kelele.

"Karani alijinasua, akanirukia. Imeanguka, imevunjika yote. Lakini nimetoa diski." Alifungua kiganja. Kilikuwa kipande chembamba, saizi ya chingamu. "Si kila kitu kiko hapa?"

Habibo, aliyekuwa ameingia kiti cha nyuma, alishika kitasa cha mlango ashuke arudi juu. Gari lilikuwa limeshaondoka.

Saa nane kasorobo.

Nyumba ya Habibo ilikuwa mtaa wa Kiwanjani, mwisho wa mtaa, chumba kimoja na meza. Habibo aliiweka diski kwenye kisomeo chake, akaiunganisha na laptopu. Hakutumaini. Lakini mkono ulifanya tu, kama mtu anavyopiga namba ya simu anayojua imezimwa.

Kioo kiliomba ufunguo wa akiba, tarakimu arobaini na nane. Alijaribu njia nyingine, akaisoma diski moja kwa moja bila kuomba ruhusa. Zikaja herufi zisizo na maana, ukurasa baada ya ukurasa. Mahali fulani katika ule uji kaka yake alikuwa anatembea langoni na tochi.

Jaldesa alisimama nyuma yake. "Vipi?"

"Nilikwambia."

"Haifunguki kabisa?"

"Kabisa."

"Hata Nairobi? Hata wazungu na mashine zao?"

"Hata wao. Chipu ingekuwa nzima, ningeifungua mimi hapa. Sasa umebaki ule ufunguo wa akiba. Felix aliuweka kwa simu yake, na sasa hivi atakuwa ameufuta."

"Una hakika."

"Niliifunga mwenyewe, Jaldesa."

Jaldesa aliitikia kwa kichwa, akatoa simu. Hakutoka nje. Hakupunguza hata sauti.

"Imekwisha," alisema kwenye simu. "Haifunguki. Ndiyo. Fundi mwenyewe amethibitisha. Yule yule aliyeifunga."

Habibo aligeuka polepole kwenye kiti. Alielewa yote mara moja. Vile vishindo. Safari ya Meru. Kwa nini yeye, fundi, alihitajika. Felix hangeweza kuharibu mashine ambayo korti inaitaka. Lakini wezi wangeweza.

Ekuam alikuwa ameelewa pia. "Unaongea na nani?"

"Tulia, Ekuam."

"Ni Felix? Umetuleta hapa kwa ajili ya Felix?"

Ekuam alimrukia. Risasi moja ililia, na chumba kikajaa harufu ya baruti. Ekuam alikaa chini, ameshika tumbo, kama mtu aliyechoka.

Jaldesa alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Ado yuko wapi?" Habibo aliuliza. "Niambie hilo tu. Walimzika wapi?"

"Sikuuliza."

Pikipiki iliwaka nje, ikaondoka.

Habibo angeweza kukimbia. Lakini Ekuam alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, naye alikuwa amekandamiza jeraha kwa ushungi wake, na damu ilikuwa inapita tu. "Habibo," Ekuam alisema, "usiniache na hawa." Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Mkono ulilegea kabla ya ving'ora kufika.

Saa kumi na moja jioni.

Kituoni, Inspekta Akolong wa polisi aliweka mifuko miwili ya plastiki mezani. Mmoja ulikuwa na diski. Mwingine vipande vya bodi iliyopigwa nyundo.

"Karani anasema aliyevunja ni mwanamume. Lakini diski tumeipata kwako, na maiti kando yako."

"Ni Jaldesa. Felix alimtuma."

"Una nini cha kuonyesha?"

Habibo alitazama vile vipande vya bodi.

Inspekta alisogeza mifuko pembeni. Hakuwa mtu mkali. "Jumatatu tungeichukua ikiwa nzima. Felix alikuwa anakataa kutoa neno la siri, anasema amesahau. Wiki hii yote nimekuwa nauliza mjini ni fundi gani aliyeifunga ile mashine. Nilikuwa nataka awe shahidi."

"Neno la siri ninalo."

"Najua sasa."

Alivuta fomu karibu. Wizi wa mabavu. Kuharibu ushahidi. Alikuwa anaandika polepole, kwa mwandiko mzuri.

"Una haki tumpigie simu mtu wako mmoja. Nani?"

Habibo alimwona mama yake kule Korbesa, amepanda kile kilima kidogo ambako mtandao unashika, simu sikioni, akisubiri kuambiwa kaburi liko wapi.

"Hakuna," alisema. "Msipige."