Tundu Ambalo Kiraka Hakuliziba

Pazia ndilo lililomshtua kwanza. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na kikombe cha chai mkononi, akiitazama kwa jicho la pembeni ile video ambayo mumewe hakukosa kuitazama kila Ijumaa akirudi kazini: mke wake wa kwanza, marehemu, ameketi katika sebule ya nyumba hii hii, anacheka na kumwita mumewe aliyesimama kando ya kamera. Nyuma ya marehemu palining'inia pazia la kijani lenye maua meupe. Pazia hilo alilinunua yeye juzi juzi tu, na marehemu alizikwa kabla yeye hajaijua hata njia ya kuja nyumba hii.

Angesemaje? Mwanamke anayemwonea wivu mke mwenza husikilizwa, lakini anayemwonea wivu maiti huchekwa. Alijiambia kwamba wivu umeanza kumharibu macho, akaweka kikombe mezani, akaenda zake jikoni.

Mumewe alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya bima, na kazini walimwita Kiraka. Kutwa alizunguka meza hadi meza akiwabembeleza watu wamwachie mashine zao kidogo azitie viraka, yaani yale masahihisho yanayotolewa kila tundu jipya la usalama linapogunduliwa. Adui yake mkubwa alikuwa kijiprogramu kimoja cha zamani, kilichobandikwa kwenye kivinjari ili kicheze video. Kilikuwa kimetoboka kama chujio. Wadukuzi waliuficha uovu wao ndani ya video, mtu akaibofya ili acheke, na kumbe huku nyuma mgeni ameshaingia na kujikaribisha. Waliokitengeneza walishachoka kukiziba wakakitupa. Kiraka alikiondoa katika kila mashine ya ofisi, hata ya mkurugenzi, ambaye alinuna mpaka basi.

Kwenye kompyuta ya nyumbani alikiacha. Mganga hajigangi.

Sababu alimweleza mkewe mara moja tu, akiwa amempa kisogo. Ile video ilikuwa imewekwa katika mtandao wa mpiga picha aliyekwisha funga kazi, na haikuchezeka ila kwa kijiprogramu kile kibovu. Akikiondoa, hatamsikia tena marehemu akicheka. Mkewe alikubali kwa mdomo. Moyoni alihesabu Ijumaa kama mtu anayehesabu zamu za mwenzake.

Baada ya pazia ikaja harufu. Chumba cha kompyuta kikaanza kunuka marashi, mazuri kwa mbali, lakini ukiyakaribia yananuka kama maua yaliyosahauliwa kwenye maji. Alifungua madirisha, akapiga deki, akabadilisha shuka za chumba cha pili. Harufu ikamfuata mpaka kwenye mto wa kulalia, upande wa mumewe.

Kisha ikaja adhuhuri moja, jua limesimama utosini, nyumba nzima ina mwanga, naye yuko peke yake anakunja nguo. Alisikia kicheko. Alikwenda akijua kwamba kompyuta imefungwa na waya wake umechomolewa, maana asubuhi aliuchomoa kwa mkono wake mwenyewe ili afute vumbi, na alipofika mlangoni alikuta kifuniko kimeinuliwa na kioo kinawaka, na yule mwanamke amekaa mbele ya pazia la kijani lakini hacheki tena, kicheko kinaendelea bila mdomo wake kucheza, huku macho yake yakimtazama yeye, yakishuka polepole kutoka usoni hadi kwenye kanga aliyojifunga, hadi miguuni, yakipanda tena, jinsi mwanamke anavyompima mwanamke mwenziwe aliyeingia bila hodi.

"Siku hizi ananukia wewe," sauti ilisema, taratibu. "Mwogeshe kabla hujanirudishia."

Kiraka aliporudi alimkuta mkewe ameketi kibarazani, hataki kuingia ndani. Alisimuliwa yote, na hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha zaidi mkewe.

"Niliwahi kuinakili ile video," mume alinong'ona. "Nilitaka nihifadhi nakala, nikiondoe hicho kijiprogramu. Nakala ikatoka na kiti kitupu."

"Na bado ukaendelea kumtazama?"

"Alikuwa ananiita."

Aliyeitwa kesho yake ni shangazi wa mke, mama mtu mzima aliyejulikana kwa kutibu watu waliochezewa na majini. Hakuja na ngoma wala chetezo. Alivuta kiti, akaomba video ichezwe, akaitazama yote akiwa amekunja mikono. Kisha akamuuliza Kiraka marehemu alizoea kumwita nani. Kiraka alijibu kwamba alimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo wengine hawakulijua.

"Na huyu anakuita nani, baba?"

"Ananiita Kiraka."

Alipolisema tu, uso ukamsawijika. Jina la Kiraka alipewa kazini baada ya kuzika.

Shangazi hakumcheka. Alimwambia kwa upole kwamba jini haingii pasipo na mlango, na huu aliuacha wazi yeye, akijua. Kwa hiyo yeye shangazi atasoma dua, lakini wa kufunga ni mwenye nyumba. Kiraka akakaa mbele ya kioo. Mkewe alisimama nyuma yake, mkono begani, na hakujua kama anamshika ili kumtia nguvu au asije akaghairi, maana sasa yule mwanamke alikuwa analia kwa sauti ya marehemu hasa, anasema utanisahau, utanisahau, utalala na sura yangu itafutika, na marashi yamejaa koo, na kompyuta inatoa moto kama pasi, na vidole vya mumewe vimesimama juu ya kitufe mpaka mkewe akawa anaomba kimoyomoyo, si Mungu amwokoe, bali mumewe amchague yeye.

Alibofya. Kijiprogramu kikaondoka, na sauti ikakatika katikati ya neno.

Kiraka alilia kama aliyefiwa upya. Mkewe alimfuta machozi kwa upindo wa kanga, na aibu ilimjaa, kwa sababu ndani alikuwa anapiga vigelegele kama aliyemtimua mke mwenza na masanduku yake.

Nyumba ikatulia. Harufu ikaisha. Ijumaa zikawa zake.

Jioni moja Kiraka alirudi anapiga mluzi. Alimshukuru mkewe kwa kumpigia mchana ule simu ya video. Alisema alikuwa amechoka sana, na kumwona tu kumemburudisha. Alisema hakujua kama mkewe anaweza kuzungumza maneno matamu vile.

Simu ya mkewe ilikuwa kabatini, imeisha chaji tangu asubuhi.

Alifungua kinywa amwambie kwamba aliyepiga si yeye. Kisha akauona uso wa mumewe, unang'aa, umemwelekea yeye kwa namna ambayo haujawahi kumwelekea tangu siku ya ndoa.

"Kesho utanipigia tena?" mume aliuliza.

"Nitapiga," alisema.